Namba Moja ni ya Dada

Alhamisi, 2 Novemba

Leo ni siku ya marehemu wote. Katekista Evodi alisoma majina haraka haraka kama mtu anayeona wingu linakuja, na la mwanangu Shukuru likapita katikati ya mengine kabla sijainamisha kichwa vizuri. Mwaka mmoja na nusu sasa. Lori lilimkuta na pikipiki yake njia ya Mishamo, akafa palepale, na tangu alipopata Kipaimara alikuwa hajaungama hata mara moja. Nilimsema sana enzi hizo. Sasa namwombea Misa tu. Mtoto aliyeondoka bila padre, mama yake atamtumia nini kingine?

Baada ya Misa Padre Polycarpe akaniita sakristia. Ana miezi miwili tu hapa parokiani. Kijana mkavu, hacheki, akikushukuru unadhani anakukaripia. Akasema imekuja barua ya Askofu: kila parokia ijue divai yake ya Misa inatoka kwa nani na imetengenezwaje. Iwe ya zabibu tupu, isiyochanganywa na kitu, isiyoharibika. Basi alipokwenda Dodoma amenunua chupa kwa watengenezaji watatu, na anataka mimi na Katekista tuzionje siku za Alhamisi, tuandike, tulinganishe na ile tunayotumia siku zote, ya dada yangu Marselina wa Litapunga.

"Padre, mimi sijawahi kuonja divai."

"Una miaka mingapi hapa sakristia?"

"Kumi na tisa."

Akanitazama. Lakini ndiyo kweli. Kazi yangu ni kumimina, kufua vitambaa vya kikombe cha kalisi na kufunga kabati. Sisi waumini tunapokea Mwili, Damu anakunywa padre. Hata tone likiniangukia kidoleni nalipangusa. Niliona ndiyo heshima.

Daftari hili nimelinunua kwa kazi hiyo. Ya Padre nitamnakilia kwenye karatasi yake. Haya mengine ni ya kwangu.

Alhamisi, 9 Novemba

Tumeanza. Evodi kaja amevaa shati la Jumapili.

"Mama Sakristia, leo tunaonja au tunakunywa?"

"Tunaonja. Kijiko kimoja, halafu maji."

"Kijiko! Marehemu mke wangu angecheka mpaka akae chini. Dorice kanikataza pombe miaka yote, leo Kanisa linaninywesha kama mtoto mwenye malaria."

Dorice tulimzika mwaka 2021. Evodi anamtaja kila siku, na kila siku ni kwa utani.

Chupa ya kwanza ni ya masista. Nyumba yao inatengeneza divai kwa zaidi ya miaka sitini, lebo imepigwa chapa, ina msalaba. Rangi ni ya chai ya rangi iliyopoa. Harufu ya zabibu kavu. Tamu, inateremka bila kugusa popote. Evodi kasema, "Safi." Mimi nimeandika: tamu mno, imelala.

Tumeiacha wazi kabatini ikae wiki nzima, tuone joto litaifanya nini.

Alhamisi, 16 Novemba

Ya masista haijabadilika hata kidogo. Hiyo ni sifa yake, nimeiandika.

Chupa ya pili: mzee mmoja wa Hombolo mwenye ekari moja na nusu, lebo kaiandika kwa kalamu. Nyekundu ya kukaribia nyeusi. Inakausha ulimi kama ndizi mbichi. Nimeandika: ngumu, haina furaha. Evodi kasema, "Safi."

"Wewe kila kitu safi?"

"Mama, mimi nimekunywa gongo miaka ishirini. Baada ya pale, hata maji ya betri ni safi."

Alhamisi, 23 Novemba

Mvua bado. Evodi ana homa, hatukuonja.

Alhamisi, 30 Novemba

Chupa ya tatu ni ya ndugu wawili, vijana, wameanza mwaka juzi. Kizibo kiliruka chenyewe kikagonga picha ya Mtakatifu Yosefu. Povu. Evodi akasema hii divai ina mapepo. Nimeandika: bado inachemka, haifai altareni, lakini wenyewe wasikate tamaa.

Kisha tukaonja ya dada.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Nilipiga ishara ya msalaba kwanza. Rangi yake nyekundu inayong'aa, ukiinyanyua dirishani inawaka. Kijiko kilipofika ulimini, ulimi ukaamka. Uchachu mzuri wa pembeni, hadi mate yanatoka, halafu utamu unafuata taratibu. Nikamwona mama yetu jikoni, siku ya Pasaka, anatuchujia juisi ya rozela, mimi na dada tumeshika vikombe vya bati. Machozi yakanitoka mbele ya Evodi.

"Sasa hii," akasema, "hii ni safi *sana*."

Kumbe ndiyo divai hii. Kumbe miaka yote namimina kitu kizuri namna hii, naiogopa.

Jumapili, 3 Desemba

Majilio. Mvua ya kwanza ya maana, imenyesha wakati wa mahubiri, hakuna aliyesikia neno. Padre akanyamaza akasubiri. Nilimpenda kidogo kwa hilo.

Alhamisi, 14 Desemba

Tumerudia zote nne. Ya mzee wa Hombolo imelainika baada ya kukaa wazi, lakini nimeshikilia: ukiilinganisha na ya dada, imepooza. Ya masista ni maji ya sukari ukiilinganisha na ya dada. Ya vijana imegeuka siki.

Nimemnakilia Padre karatasi yake kwa mwandiko mzuri. Chini kabisa nimeandika: "Namba moja ni ya Marselina, Litapunga. Ina ladha hai. Inanikumbusha rozela aliyotuchujia marehemu mama. Zile za Dodoma hazina uchachu huu, nadhani udongo wao ni hafifu."

Nimefurahi. Mimi darasa la saba, leo nimempa Askofu maoni yangu.

Jumatatu, 25 Desemba

Noeli. Dada kaja na gari la kukodi, ana dumu lake la divai limefungwa kanga. Kavimba miguu, uso umekuwa mdogo. Hospitali wanasema ni moyo. Lakini alipoingia kanisani akina mama wa WAWATA walisimama kumpisha. Wanamwita Mama wa Divai. Ile mizabibu yake aliachiwa na padre mzungu aliyekuwa Litapunga, akamwapisha kabisa: Marselina, hakikisha altare haikosi divai. Tangu hapo ni miaka thelathini na moja.

Ukweli wangu ni kwamba nimekuwa nikimwonea wivu. Yeye analeta, mimi namimina. Yeye anapishwa, mimi nafua.

Nikamnong'oneza, "Dada, nimekuandika namba moja."

Hakufurahi nilivyotegemea. Akaniuliza, "Nani kakwambia uonje?"

Alhamisi, 4 Januari

Mvua siku ya tano.

Padre aliniita baada ya Misa ya asubuhi. Alikuwa na karatasi yangu mezani, na kidole chake kimekaa kwenye mstari wa mwisho.

"Mama, hii rozela uliyoandika. Ni mfano tu?"

"Mfano, Padre. Namna ya kusema."

"Mimi nilidhani ladha ile ni ya zabibu za huku," akasema. Alisema kwa sauti ndogo, kama anayejisemea mwenyewe. "Kwetu hakukuwa na pombe wala divai. Seminari tulitumia ile ya masista. Nilipokuja hapa nikasema, labda za huku ndivyo zilivyo."

Akatoa mfuko mdogo wa rozela kavu, ametoka nao sokoni. Akaiweka kwenye kikombe, akamimina maji moto ya chupa ya chai, tukakaa kuisubiri ipoe. Kikombe cha pili akamimina divai ya dada. Akaonja kimoja, akaonja kingine. Akanisogezea.

Ulimi wangu ulijua kabla yangu. Nilionja tena, nikaonja mara ya tatu nikitafuta tofauti. Ipo. Kwenye ya dada kuna zabibu, mbali sana, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

"Labda mwaka huu mavuno yamekuwa madogo," nikasema.

"Labda. Lakini kama si zabibu, Mama, basi..." Katekisimu naifahamu. Kama si zabibu, padre anasema maneno juu ya juisi, na inabaki juisi.

Alitaka kwenda Litapunga mwenyewe. Nikamwomba aniache nitangulie, ni dada yangu. Akakubali. Akasema nimletee ukurasa mmoja tu: ilianza lini. Misa zote tangu siku hiyo zitarudiwa kwa nia zake zilezile, kwa wale wale walioombewa. Kuanzia kesho atatumia ya masista.

Dada nimemsaliti kwa kumsifu.

Jumamosi, 6 Januari

Nimerudi kutoka Litapunga jioni, nguo zote tope, bodaboda ilituangusha mara mbili. Nitaandika yote sasa, kesho nitaanza kuyapunguza.

Nilimkuta dada amekaa kwenye mkeka barazani, miguu juu ya mto. Sikuingia ndani. Nilizunguka nyuma ya nyumba, kwenye mizabibu. Sijafika pale nyuma miaka mingi. Yeye ndiye huja mjini, na akija mgeni humweka barazani. Nguzo zipo, waya zipo. Mizabibu hakuna. Mashina makavu yameliwa na mchwa, ukigusa yanamwagika unga. Mitatu tu ndiyo ina majani, kwenye kona ya choo. Na kuanzia hapo mpaka kwenye mpaka wa jirani ni rozela, mistari imenyooka, imepaliliwa vizuri. Dada hajawahi kuwa mvivu.

Niliporudi barazani akasema, "Umekuja kunipima na wewe? Kijiko chako kiko wapi?"

"Dada, ilianza lini?"

"Kaa kwanza. Huwezi kunihukumu umesimama."

Nikakaa. Akaniambia. Mchwa waliingia mwaka 2020, baada ya ile mvua kubwa. Alimwaga majivu, akamwaga mafuta ya taa, akamwomba Mungu. Noeli ilipokaribia alikuwa na nusu dumu. Akajaziliza na rozela kidogo ili itoshe. Paroko wa wakati ule, mzee, akanywa, hakusema kitu. Pasaka akaongeza. Mwaka uliofuata zabibu zilitoa bakuli moja.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba nimeua mizabibu ya padre? Nilimwapia, Edina. Altare isikose divai. Haikukosa."

"Ilikosa, dada! Miaka mitatu imekosa!"

"Nyie wa mjini mna maduka. Mimi nilikuwa na mizabibu mitatu." Akapangusa uso na ncha ya kanga. "Na mimi nilikuwa naiombea kabla ya kufunga dumu. Kila dumu. Nilikuwa nasema, Bwana, wewe ulibadilisha maji, hii nayo ni nyekundu tayari, kazi imepungua."

Alisema kweli, hakuwa anatania. Ndivyo alivyoamini.

Nilikuwa nimekuja na jambo moja tu moyoni, nikalisema. "Shukuru alizikwa mwezi wa tano, 2022."

Akavuta kanga akafunika miguu.

"Misa ya maziko," nikasema. "Ya arobaini. Ya mwaka. Zote ni dumu lako."

"Usinifanyie hesabu hiyo, mdogo wangu."

"Nani ataifanya?"

Akanishika mkono. Mkono wake umekuwa wa maji, ukiuminya kidole kinaacha shimo. Akasema daktari hakumficha, hatafika mwaka mwingine. Akasema, "Mwandikie Padre kwamba ni madumu haya ya mwisho tu. Tangu Septemba, alipofika yeye. Nilikuwa mgonjwa, zabibu zilikuwa chache, nikakosea msimu mmoja. Niache nife nikiwa Mama wa Divai. Nikishakufa fanya unavyotaka."

Nikamwuliza, "Na mwanangu?"

Alikuwa analia, na mimi nikamwacha alie, kitu ambacho sijawahi kumfanyia tangu tuzaliwe.

Alhamisi, 11 Januari

Padre hajaniuliza. Anapita tu.

Alhamisi, 18 Januari

Mvua. Barabara ya Litapunga imekatika.

Jumamosi, 20 Januari

Nimeandika ukurasa. "Mimi Edina nimefika Litapunga nikaona. Madumu ya tangu Septemba yalichanganywa kwa sababu ya ugonjwa na uchache wa zabibu. Madumu ya nyuma yalikuwa sawa." Padre alisoma, akaukunja, akasema asante. Misa za Septemba mpaka Januari tarehe nne atazirudia.

Nilichagua aliye hai. Nilijiambia Shukuru yuko mikononi mwa Mungu, na Mungu si mtoto. Lakini nilipokuwa namimina divai ya masista leo, ile inayoteremka bila kugusa popote, niliimwaga kwenye kitambaa.

Jumatano, 14 Februari

Majivu.

Jumanne, 27 Februari

Nimekaa kwa dada wiki nzima. Namwogesha, namgeuza. Hatutaji divai. Jana kaniomba nimwimbie ule wimbo wa mama wa kutwanga, nikasahau ubeti wa pili, akanicheka: "Na kichwa hicho ndicho kinapima divai." Tulicheka wote wawili. Kisha akakohoa sana.

Sina hasira naye tena. Nilitafuta nikaikosa. Lakini sijapata kuomba tangu Januari. Nikianza Baba Yetu nafika kwenye makosa yetu, nasimama.

Jumanne, 5 Machi

Dada Marselina amefariki leo asubuhi. Padre alikuwa amefika jana kwa miguu kutoka kwenye daraja lililovunjika, kilomita tisa, viatu kavining'iniza shingoni. Alimwungamisha, akampaka mafuta. Mimi nilikaa nje.

Alhamisi, 7 Machi

Tumemzika. Sijaona watu wengi namna ile Litapunga. Kwaya mbili. WAWATA walivaa sare, wakabeba jeneza zamu kwa zamu kwenye tope. Evodi alitoa wasifu akasema, "Huyu mama, mimi na nyie tumekula mezani kwake kila Jumapili kwa miaka thelathini na moja," na kanisa zima likalia, na mimi nikalia, na hakuna aliyejua nalilia nini.

Padre alitumia ya mzee wa Hombolo, chupa ambayo haijafunguliwa. Alisema ya masista imekwisha. Niliimimina mwenyewe, nzito, karibu nyeusi. Padre aliponyanyua kalisi, likanijia wazo ambalo sikulitafuta: dada amezikwa kwa divai ya kweli. Mwanangu hakuzikwa nayo.

Nikakunja upya kitambaa kilichokuwa kimekunjwa tayari.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua kutwa. Nimefua vitambaa, havikauki.

Jumapili, 24 Machi

Matawi. Sikupokea Komunyo. Evodi kaona, hakutania.

Jumanne, 26 Machi

Nimemwambia Padre.

Nilimkuta sakristia anahesabu mishumaa ya Pasaka. Nikasema, "Padre, ule ukurasa ni wa uongo. Ni tangu Noeli ya 2020." Nikamweleza mchwa, rozela, dumu kwa dumu. Nikamweleza Shukuru. Nikasema dada alishaniambia nikishamzika nifanye nitakavyo, lakini sijisikii kama nimeruhusiwa. Najisikia kama nafukua kaburi.

Hakunikaripia. Alikaa kwenye benchi la watumishi, akaacha mishumaa. Akasema, "Mama yangu alizikwa Mishamo bila padre. Mvua ilikata njia, aliyekuwa aje hakufika. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nimesoma teolojia miaka minne nikitafuta ukurasa unaosema yuko wapi."

"Uliupata?"

"Wanasema Mungu hafungwi na sakramenti zake. Naamini hivyo. Na bado kila tarehe yake naadhimisha Misa."

Macho yake yalikuwa mekundu. Miezi yote hii nimemwita mkavu.

Akasema atamwandikia Askofu. Waumini lazima waambiwe, kwa sababu nia ni zao, marehemu ni wao. Jina la dada hatalitaja. Nikamwambia halina haja ya kutajwa, Padre. Hapa divai ina jina moja.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Kristo amefufuka. Nimeimba.

Jumapili, 7 Aprili

Ametangaza. Maneno machache, kwa upole. Nilisikia maji yanatiririka kwenye bati. Kisha mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mayoo!" Wengine wakaanza kugeuka, wananitafuta mimi.

Nje, mwenyekiti wa WAWATA alipita karibu yangu akasema, si kwangu, hewani tu: "Na tulimbebea jeneza kwenye tope."

Jumatatu, 8 Aprili

Evodi kaja nyumbani. Nilimwekea kiti, akakataa kukaa. Kavaa lile shati la Jumapili, ni Jumatatu.

"Mama Shukuru," akasema. Hajawahi kuniita hivyo, siku zote mimi ni Mama Sakristia. "Ulijua tangu lini?"

"Januari."

"Januari, Februari, Machi." Akahesabu kwa vidole. "Na Dorice wangu?"

Nitaandika hapa, kwa kuwa hapa sidanganyi: miezi yote hiyo mitatu nilipima dada huku, Shukuru kule. Dorice hakunipitia kichwani. Niliyeonja naye kijiko kimoja sakristia, anayemtaja mke wake kila siku ya Mungu, nilimsahau mke wake.

"Alikuwa ananiambia," Evodi akasema, "nikifa mimi, wewe utalewa msibani. Sikulewa. Niliacha siku ile ile. Nilisema, hii Misa ndiyo zawadi ya mwisho nampa, niwe na akili timamu." Akatazama mvua. "Kumbe nilimpa juisi."

"Nisamehe, Katekista."

"Sijui kama ni mimi wa kusamehe. Nimuulize Dorice?" Alijaribu kucheka, ikakataa. Akaondoka bila mwavuli.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo mimi na Padre tumefungua daftari la nia za Misa, tangu Noeli ya 2020. Yeye anasoma, mimi nanakili kwenye orodha mpya: tarehe, jina la marehemu, aliyeomba. Askofu amekubali kila Misa irudiwe. Padre anasema itachukua miaka.

Nilidhani nitatafuta jina la Shukuru. Sikuhitaji. Padre alisoma Juni 2022: "Marehemu Shukuru. Aliyeomba, Marselina, mama yake mkubwa." Nikanakili. Julai: "Marehemu Shukuru. Aliyeomba, Marselina." Agosti. Septemba. Padre akapunguza sauti lakini hakuacha. Kila mwezi, hadi Oktoba mwaka jana, kabla tu hatujaanza kuonja. Mara kumi na saba. Mimi mama yake nilimwombea mara sita.

Sikujua. Hakuwahi kuniambia, na nia za katikati ya juma hapa kwetu hazitangazwi. Yeye mwenyewe ndiye aliyejaza dumu, yeye mwenyewe ndiye aliyejua lina nini, na kila mwezi alikuja mjini kwa ile miguu akaandikisha jina la mwanangu. Ama aliamini kwamba ile rozela Mungu anaipokea, ama alijua haipokelewi akaendelea kugonga. Nimefikiria tangu asubuhi. Wa kumwuliza nimemzika.

Padre akaniuliza, "Tupumzike, Mama?"

Nikatazama daftari. Kurasa za Novemba mpaka Januari zilikuwa bado. Katikati ya Shukuru na Shukuru kulikuwa na watu: Dorice, na baba za watu, na mzee Lyamba, na wale watatu wa mtumbwi wa Ikola. Wote walikuwepo pale siku ile ninaandika ukurasa wangu wa uongo, na sikumwona hata mmoja.

"Tuendelee," nikasema.

Akafungua ukurasa. Lililofuata halikuwa na jina. "Mtoto mchanga wa Agatha, siku tatu. Aliyeomba, mama."

Nikaandika: mtoto mchanga wa Agatha, siku tatu.